Riyal Tisini na Sita

Nilimsamehe fundi wangu deni la riyal mia sita na arubaini mbele ya wanawake kumi na mmoja, na wote walipiga vigelegele. Najua walikuwa kumi na mmoja kwa sababu niliwahesabu. Anayesamehe kwa ajili ya Mungu hahesabu mashahidi, lakini mimi nilihesabu. Tena dada yangu alikuwa jikoni hakusikia vizuri, nikasubiri atoke, nikarudia.

Duka langu liko Darsait, hapa Maskati, chini ya jengo la ghorofa nne, baina ya fundi wa redieta na muuza vifaa vya umeme. Tunashona abaya na nguo za arusi. Mafundi wangu ni wanaume watano kutoka Bara Hindi, na wakati ule alikuwepo mwanamke mmoja Mkenya, wa miaka arubaini hivi, mkristo, mwenye binti aliyemwacha kwao kwa bibi yake. Nilimwajiri ahudumie wateja wa mbele, maana nusu ya wateja wangu ni jamaa zetu wa Unguja wanaopenda kubishana bei kwa Kiswahili. Baada ya mwezi nikamkuta ameshika sindano, anatia shanga kwenye mkono wa abaya ambao fundi wangu mkubwa alikuwa ameuharibu. Tangu siku ile nikampa kazi ya nakshi.

Mshahara wake ulipitia benki kama sheria inavyotaka, lakini malipo ya nakshi nilikuwa nampa mkononi. Katika miaka minne hakuwahi kuyahesabu mbele yangu. Alikuwa akizikunja noti, akazitia mfukoni mwa aproni, akasema ahsante mama, akarudi kukaa.

Deni lilikuja na msiba. Baba yake alifariki hospitalini huko kwao, na hospitali ikakataa kutoa maiti mpaka gharama zilipwe. Ndugu walichanga wakafika walipofika. Asubuhi moja akaja akasimama karibu na cherehani yangu, halii, uso umemkauka, akanieleza. Nikafunga mkoba, tukaenda benki pamoja, nikatoa riyal mia nane kwenye akaunti ya duka. Ya duka, si yangu binafsi, na kwenye daftari ikaandikwa mkopo kwa mfanyakazi. Siku ile sikuona tofauti. Baba yake akazikwa Jumamosi.

Tukakubaliana nimkate riyal arubaini kila mwezi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akiniambia maneno yale yale, "Nipe muda, mama, nitamaliza," ingawa sikuwa nimemwuliza kitu. Miezi minne ikapita, Ramadhani ikaingia.

Kila Ramadhani wanawake wa ukoo wetu hukusanyika kwangu alasiri moja kukunja sambusa za kupeleka msikitini. Yeye alikuja siku hiyo kuleta abaya za sikukuu, akavua viatu mlangoni, akakaa chini akaanza kukunja na sisi bila kuambiwa, na hata hafungi. Wakamsifu, anavyokunja pembe zikakaa sawa. Mimi nikaona kama nasifiwa mimi. Nikapaza sauti.

"Hebu skizeni nyote. Huyu nnamdai riyal mia sita na arubaini. Nimemsamehe, dunia na akhera. Sitaki hata baisa."

Akapiga magoti na mikono yake ina unga. Nilimwambia ainuke, lakini sikuharakisha kumwambia.

Mwezi wa tisa mkataba wake ulikwisha. Alikuwa ameshaniambia miezi mitatu kabla, kwa adabu, kwamba amepata kazi hoteli moja Qurum, kwenye chumba cha kutengeneza sare za wafanyakazi, mshahara mzuri zaidi na bima. Siku ya mwisho alileta keki. Wenzake wakala. Mimi nikasema nina sukari, na sina sukari. Nikamwambia nenda Mungu akuongoze, kwa uso ambao mtu akiutazama anajua hujamuombea kitu.

Nilikasirika. Nilimwambia dada yangu kwamba nimemsamehe madeni na yeye kanipa mgongo. Dada yangu akaniuliza kama nilimsamehe au nilimnunua. Nikakata simu. Huyo fundi alipiga Krismasi ile kunitakia heri, akapiga tena kama miezi mitatu baadaye, mara mbili kwa siku moja. Nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza mpaka ikanyamaza.

Sasa hesabu za duka. Zinafanywa na mtoto wa dada yangu huyo huyo, ambaye ana ofisi ndogo ya uhasibu na watu wawili chini yake. Ni mtu mzima, ana watoto, lakini kwangu bado ni yule aliyekuwa akilala mapajani mwangu. Mwanzoni mwa mwaka alikuja na kompyuta yake, akaketi mezani pangu dukani, akafika kwenye mstari wa mkopo.

"Mama mdogo, hizi mia sita na arubaini vipi? Yule si keshaondoka?"

"Nimemsamehe. Ramadhani, mamako alikuwepo."

"Jazakillahu kheir. Basi hii haiwezi kuwa gharama ya duka."

"Kwa nini isiwe? Pesa si imetoka dukani?"

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza kila mtu. Serikali inatoza duka asilimia kumi na tano ya faida. Ukinunua uzi, unapunguza faida. Ukimkopesha mtu akashindwa kulipa, ukamdai na kumdai mpaka ukakata tamaa, hapo angalau una hoja ya kusema ni hasara. Lakini ukimsamehe mwenyewe kwa hiari yako, hiyo ni zawadi yako. Zawadi yako serikali haishirikiani na wewe.

"Kwa hiyo sadaka yangu nnailipia kodi?"

"Unalipia faida, mama mdogo. Sadaka umetoa kwenye faida."

"Kiasi gani?"

"Tisini na sita."

Nikamwuliza na huyo aliyesamehewa, yeye halipi? Nakumbuka niliuliza kwa matumaini, Mungu anisamehe. Akacheka. Akasema hapa kwetu mtu binafsi bado halipi kodi ya mapato, na hata hiyo sheria iliyotoka inangoja wakati wake na itawagusa wenye vipato vikubwa tu, fundi cherehani hamo. Lakini ziko nchi, akasema, ambako ukisamehewa deni unahesabiwa kama umepokea mshahara, na unakatwa kodi ya pesa ambayo hujaishika. Nikasema hao watu hawana huruma. Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Kisha nikamwuliza, hivi hivi tu, mtu akimdai mtu anamdai vipi, ili serikali ikubali. Akasema unamwandikia barua, hajibu, unamwandikia ya pili. Halafu akafunga kompyuta akaenda kusali.

Hakunifundisha kusema uongo. Alijibu swali la mama yake mdogo. Niliyeandika barua ni mimi, siku ya pili adhuhuri, mafundi wamekwenda kula, duka limefungwa nusu. Nilitumia karatasi ya duka yenye jina juu. Nikaandika barua mbili kwa Kiarabu, moja nikaipa tarehe ya mwezi wa kumi, nyingine ya mwezi wa kumi na mbili. Ya kwanza inamkumbusha. Ya pili inasema tumekukumbusha hukujibu, na kukaa kwako kimya ni kukataa haki ya watu. Niliweka namba ya pasi yake, niliyokuwa nayo kwenye faili. Nikapiga muhuri. Sentensi ile ya haki ya watu niliisoma mara mbili na nikaiona imekaa vizuri.

Ningependa kusema nilifanya kwa ajili ya riyal tisini na sita. Ingekuwa afadhali, maana tamaa naijua, kila mwenye duka anayo. Lakini wiki hiyo hiyo nilitoa zaidi ya hizo kwa mapazia ya sebuleni ambayo sikuyahitaji. Niliandika kwa sababu ya ile keki. Nilitaka pawepo karatasi mahali fulani duniani inayosema kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Mtoto wa dada yangu alizishika zile barua, akazitazama muda kidogo.

"Mama mdogo, hizi kazipokea?"

"Kazipokea."

"Hukuniambia juzi."

"Ushanikatiza kwa maelezo yako ya kodi. Nilimsamehe, halafu nikabadilisha. Kwani haramu?"

Akazitia kwenye faili. Hakunitazama usoni, na mimi nikajisikia nimeshinda.

Hesabu zikapelekwa, deni likaandikwa limekufa, kodi ikapungua kwa riyal tisini na sita. Sikufikiri tena jambo hilo kwa mwaka mzima na zaidi. Huo ndio ukweli, sikukosa usingizi hata siku moja.

Mwaka huu jina langu likatoka katika waliochaguliwa kwenda Hija. Niliomba miaka mingi, na lilipotoka nililia. Kwetu mtu akienda Hija huanza kwa kutaka radhi. Anapita nyumba kwa nyumba, anapiga simu kwa walio mbali, anasema nisamehe kila nililokukosea, lililo wazi na lililojificha, na mwenzake anasema nimekusamehe, nisamehe na mimi. Hakuna anayetaja kosa. Ndiyo desturi yenyewe, na ni nzuri, watu hawakumbushani machungu. Na madeni yote hulipwa kabla ya safari. Nikaandika orodha ya majina sitini na kitu. Jina lake halikuwemo.

Nilikuwa nimefika jina la ishirini mtoto wa dada yangu aliponipigia, anafunga hesabu za mwaka uliopita.

"Mama mdogo, lile deni la fundi wako. Si tuliandika limekufa?"

"Limekufa."

"Linalipwa."

Nikamwambia amekosea. Akaja dukani na taarifa za benki, amepiga mstari wa rangi. Riyal arubaini, riyal arubaini, riyal arubaini. Kila mwezi, siku moja au mbili baada ya mishahara kuingia. Mara kumi na mbili. Nilikuwa naziona hizo arubaini zikiingia, na wateja wangu wengi hutanguliza pesa za abaya kwa benki, nikadhani ni za kushona. Sikuwahi kuuliza ni nani anayetanguliza arubaini kila mwezi na haji kuchukua nguo.

"Ni mapato haya," akasema. "Deni ulilolifuta likirudi, linaingia kwenye faida, linakatwa kodi kama mauzo. Mia nne na thamanini mpaka leo. Zitakapotimia zote, serikali itapata tisini na sita zake."

"Kajuaje?" nikauliza. "Kajuaje anadaiwa?"

Akanitazama hakuelewa. "Si ulimwandikia? Na ofisi yangu ilimpelekea barua ya kuthibitisha deni, kwa imeili aliyoandika kwenye fomu yake ya kazi. Tunampelekea kila mdaiwa. Hakujibu, tukaona ndiyo yale yale."

Hapo nikazikumbuka zile simu mbili za siku moja. Zilikuja siku zile zile hesabu zilipokuwa zikifungwa. Nikamwambia kila kitu, duka limejaa watu, kwa sauti ya chini. Akavua kofia yake akaiweka juu ya goti, akakaa nayo. Sikuwahi kumwona akinionea haya. Akasema atasahihisha hesabu, tutalipa kodi iliyokwepwa na chochote watakachoongeza juu, na kwamba hilo ndilo jepesi. Kisha akasema, "Na yeye je, mama mdogo?"

Nilitoa riyal mia nne na thamanini, safari hii kutoka mkoba wangu, nikazitia kwenye bahasha. Nikampigia. Alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Mama! Uko salama?"

Nikamwuliza anapumzika saa ngapi. Akasema ana shifti mpaka saa tisa, nimkute mlango wa nyuma wa hoteli.

Qurum hakuna anayetembea kwa miguu, na mlango wa nyuma wa hoteli nilikuwa sijawahi kuuona wa hoteli yoyote. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta na jua la mwezi wa tano likinichoma miguu, na mabasi ya wafanyakazi yanaunguruma. Akatoka na futi ya kitambaa bado iko shingoni. Amekonda. Akanishika mikono yote miwili kama zamani, akaniuliza habari za nyumbani, za mafundi mmoja mmoja, za mguu wangu unaouma.

Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Yaliyonitoka ni yale ya desturi, kwa sababu ulimi ulikuwa umeyazoea wiki ile.

"Nnakwenda Hija. Nisamehe kila nililokukosea."

"Nimekusamehe, mama," akasema papo hapo. "Dunia na akhera. Si ndivyo mnasemanga?"

Aliyajifunza kwangu, siku ya sambusa. Na nakiri kwamba niliyapokea. Kwa muda wa kama pumzi tatu nilisimama pale nikiwa nimesamehewa, bahasha imo mkobani, na nikawaza kwamba inatosha, kwamba naweza kumwachia bahasha na kusema deni nimelifuta tena kwa ajili ya Hija, naye angelia na kuniombea. Ningepata sifa mara ya pili kwa deni lile lile. Mimi ni mtu wa kuwaza hivyo, nataka ijulikane.

Lakini yeye akaendelea.

"Hata mimi nilitaka kukuomba msamaha, mama. Zile barua zako za kwanza sikuzipata, za mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Niliona tu ile ya ofisi, wameandika ati sikujibu. Wallahi, kama nyinyi mnavyosema, sikuziona. Nilikupigia nikueleze, haukushika. Nikasema, huyu mama ameona nimemdharau. Ndiyo maana nikaanza kutuma. Imebaki mia moja sitini. Nipe muda, nitamaliza."

Nikamwuliza alikuwa anazitoa wapi.

"Msichana nilimtoa bording, sasa anasoma dei hapo karibu na nyumbani. Ni sawa tu. Anatembea kidogo."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba barua hazikupotea, kwamba hazikutumwa, kwamba niliziandika baada ya mwaka kwisha na kuzipa tarehe za uongo, kwamba sikuwa nimeubatilisha msamaha wangu hata siku moja bali niliuficha, nipate kupunguza kodi ya duka. Nikamwambia riyal tisini na sita. Nikamwambia na keki.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliitoa futi shingoni akaanza kuizungusha kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

"Kwa hivyo mtoto wangu alitoka shule kwa sababu ya keki," akasema.

Nikatoa bahasha. Akaipokea, akaifungua pale pale, akazihesabu. Alizihesabu zote, noti moja moja, midomo ikimtikisika, kisha akazigeuza akazihesabu tena kutoka mwisho. Mimi nikatazama mabasi.

"Ni sawa," akasema. "Sasa niandikie, mama."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba sina deni. Si kwa mdomo. Ya mdomo ninayo tayari."

Mkobani nilikuwa na kitabu cha risiti cha duka. Nikaandika nimeegemea ukuta, kwa Kiswahili ili aelewe kila neno, kwamba hana deni, hakuwahi kukataa kulipa, na barua zilizosema alikataa ni uongo wangu. Akaisoma mpaka mwisho. Akanirudishia nitie tarehe. Nikatia, ya siku ile ile. Akaikunja akaitia mfukoni, pamoja na pesa.

Nikamwuliza, na ule msamaha alionipa mwanzo, alipokuwa hajui, bado upo?

Alifikiri. Ndani kuna mtu alikuwa anamwita.

"Huo nao ulikuwa wa mdomo," akasema. "Huu mwingine nipe muda, mama."

Nikamwambia nimempa. Ndege yangu ilikuwa Alhamisi.